Laifu jaketi gani linavumilika kwa joto hili la Dar ukiwa kwenye kayaki?

Kafi Mbili:
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu hasa nyie mnaoingia baharini mara kwa mara upande wa Kunduchi, Mbezi na Msasani.

Mimi napiga kayaki kila wikiendi, natoka Kunduchi naenda Mbudya, nikijisikia vizuri nazunguka kisiwa ndio narudi. Kayaki yangu ni ile ya plastiki ya kukaa juu, ina kiti chenye mgongo. Chombo kizuri sina shida nacho, shida yangu ni laifu jaketi. Ninalovaa ni lile la rangi ya chungwa mnalolijua, la kwenye maboti ya abiria, lina mabonge makubwa mbele na lingine nyuma ya shingo, unafunga kamba kiunoni. Kwa fukuto la mwezi huu wa pili ni kama nimevaa godoro juani. Kabla sijafika nusu ya njia fulana imeloa jasho chapachapa, harara imenitoka kifuani mpaka mgongoni, halafu kila nikiegemea kiti lile bonge la nyuma linasukumwa juu na jaketi zima linapanda mpaka linanibana kidevu. Kwapani ndo usiseme, kila ukivuta kafi ukingo wa jaketi unasugua palepale, na chumvi ikishakauka pale unachubuka kabisa.

Wenzangu ninaotoka nao wengi wanalivua tukishatoka ufukweni, wanalichomeka nyuma ya kiti, wanasema likitokea la kutokea watalivaa. Mimi sitaki kabisa kufika huko, nina familia.

Sasa naomba kujua: kuna aina gani unaweza kuvaa masaa mawili matatu kwa jua la Dar bila kutamani kulivua? Nimeona pia kuna vile vya mkanda wa kiunoni vya kujaza upepo, vinafaa au ni urembo? Mimi nina kilo 84, naogelea vizuri kiasi. Na mama watoto naye anataka kuanza, yeye kuogelea bado anajifunza. Bajeti kwa langu isizidi laki mbili. Natanguliza shukrani.

---

Mwana wa Pwani:
Mkuu umeuliza swali la maana sana na nakupongeza kwa kukataa kulivua. Nafundisha watu kayaki upande wa Msasani kwa hiyo hili ni jambo ninaloliona kila siku, acha nikueleze kwa kirefu.

Kwanza hilo la chungwa sio baya, ila halikutengenezwa kwa kazi yako. Lile linakaa kwenye boti likimsubiri abiria, hata asiyejua kuogelea, alivae dharura ikitokea, akitumbukia limgeuze uso uangalie juu hata kama amezimia. Ndio maana lina bonge kubwa kifuani na lingine shingoni. Aliyelibuni hakuwa anamuwaza mtu anayezungusha mabega masaa mawili mfululizo.

Wewe unatafuta yale wanayoyaita ya kusaidia kuelea. Angalia lebo ndani, utaona imeandikwa ISO 12402-5 (hicho ni kiwango cha kimataifa) na namba 50 pamoja na N, yaani nyutoni 50. Hiyo ni nguvu ya kuinua kama kilo 5 hivi. Mtu atasema kilo 5 zitamuinuaje mtu wa kilo 84, lakini ukiwa majini mwili wako wenyewe unakaribia kuelea, kinachotakiwa ni ile nyongeza ya kuweka kichwa juu, na kwa watu wazima wengi nyongeza hiyo haizidi hizo kilo 5. Ya Kimarekani yanahesabu kwa pauni, ya kundi hili yanaanzia pauni 15.5, ambayo ni kama nyutoni 70. Yote mawili yanafaa kwa unachofanya.

Ila lazima ulielewe hili: la nyutoni 50 HALIKUGEUZI uso juu ukizimia. Ni la mtu anayejua kuogelea, aliye na wenzake, karibu na msaada. Ukienda peke yako mbali hilo ni suala jingine. Na kwa shemeji ambaye bado anajifunza mimi ningeanza na la nyutoni 100 na awe maji ya karibu kwanza, akishazoea ndo ashuke kwenye jepesi.

Sasa joto. Sponji ya laifu jaketi haipitishi maji wala hewa, kwa hiyo popote ilipogusa mwili pale jasho halina pa kwenda. Ndio maana ujanja wote wa jaketi la nchi za joto ni kupunguza sehemu zinazokugusa. Tafuta haya:

mgongoni chini pawe neti tupu, na sponji ya nyuma iwe imepandishwa juu kwenye mabega, hapo mgongo wa kiti unaingia kwenye ile neti na jaketi halisukumwi tena. Hii peke yake itakuondolea nusu ya malalamiko yako.

matundu ya mikono yawe mapana, mabegani mkanda uwe mwembamba, ukizungusha mkono kama unapiga kafi usihisi kitu kinagusa kwapa.

mbele sponji iwe imekatwa vipande vipande sio ubao mmoja, ili ikunje ukikunja na hewa ipite katikati. Na ubavuni pawe wazi na mikanda miwili mitatu ya kurekebisha.

Majina ambayo nimeyavaa mwenyewe ni NRS Chinook (hili ni la wavuvi, mifuko mingi mbele, mgongoni chini ni neti) na Astral V-Eight ambalo limetengenezwa kabisa kwa kuwaza joto. Yote ya kuagiza, kwa laki mbili mapya huyapati, lakini ukishajua umbo lake unaweza kutafuta la namna hiyo kwa bei yako.

Na hao wenzako wanaolichomeka nyuma ya kiti, waambie wajaribu kitu kimoja: maji ya kiuno, salama kabisa, wajiangushe halafu walivae wakiwa ndani ya maji bila kusimama. Jaketi linaelea lenyewe linakukimbia, ukiingiza mkono mmoja, wa pili unazama, zipu huioni. Hapo hakuna wimbi wala upepo. Kusi ikiwa inavuma kayaki tupu inasukumwa haraka kuliko unavyoogelea, na jaketi liko hukohuko kwenye kayaki linaondoka nayo.

---

Sapu Mbezi:
Nakubaliana na mdau hapo juu karibu yote ila kwenye mikanda ya upepo amepita kimya. Mi natumia ubao wa kupiga kafi umesimama, mkanda wa kiunoni ndo navaa, na kwa joto hakuna kinachoushinda. Ni kifurushi kidogo kama cha kuwekea simu na pesa, unasahau hata kama unacho. Ndani kuna boya limekunjwa na kichupa cha gesi, ukivuta kamba kichupa kinatobolewa boya linajaa kwa sekunde chache, na kuna mrija wa kupuliza kwa mdomo kama gesi imegoma. Mgongo wako wote uko wazi, kifua wazi, upepo unakupiga. Na mguuni nimefunga kamba ya ubao kwa hiyo hata nikianguka ubao uko palepale.

Kafi Mbili kama unaogelea vizuri usiuondoe kwenye hesabu zako.

---

Mwana wa Pwani:
@Sapu Mbezi sikupita kimya nilikuwa nalijia hilo ndugu yangu, na nashukuru umelileta.

Kwako wewe uko sawa. Una kamba mguuni, ubao wenyewe ni boya kubwa kuliko jaketi lolote, unaogelea. Ila kwa mtu wa kayaki mambo yanabadilika kidogo. Mkanda ukishajaa boya linakuwa mbele ya tumbo, inabidi wewe mwenyewe ulivushe kichwani ndio likushike shingo. Mtu aliyegongwa kichwa na chombo au aliyeishiwa pumzi hawezi kufanya hivyo. Hata kamba yenyewe lazima uivute, haijivuti. Zipo zinazojifungua zenyewe zikigusa maji lakini hizo kwenye kayaki ya kukaa juu haziwezekani maana unarushiwa maji muda wote, itajaa uko mita hamsini kutoka ufukweni.

Halafu kuna suala la chumvi. Kama unao mkanda naomba uufungue leo, shika kichupa kizungushe ukitoe, tazama pale kwenye nyuzi zake za kuzungushia. Mara nyingi utakuta kutu imeanza chini ya mpira mahali ambapo kwa nje huoni kitu. Na kichupa kipimwe uzito, kimechongwa pembeni namba ya gramu zinazotakiwa, kikiwa chepesi maana yake gesi imetoka hata kama kinaonekana kizima. Mizani ya jikoni ya digitali inatosha. Kikishatumika mara moja ni cha kutupa, unahitaji kingine cha ukubwa uleule na nyuzi zilezile, na kwenye ndege sio kila shirika litakuruhusu kubeba, kwa hiyo agiza mapema kabla hujaishiwa.

Mtu asiyejua kuogelea au anayejifunza asivae mkanda. Kabisa. Jaketi la sponji halina cha kuvuta wala cha kuharibika kwa usiku mmoja, umelivaa limeshafanya kazi.

---

Sapu Mbezi:
Kwa shemeji nakubali, sponji. Kichupa changu huwa nakipima na mkanda nausuuza kwa maji baridi kila nikitoka, mtu asiyeweza kufanya hivyo asiununue ni kweli. Ila kwa mtu wa ubao mwenye kamba mguuni siwezi kumwambia avae sponji mwezi wa pili akipiga kafi kutoka Mbezi mpaka Ununio, atalivua tu, na lililovuliwa halina faida. Hapo sibadilishi msimamo.

---

Fundi Turubai:
Habari zenu wakubwa. Mimi kazi yangu ni kushona, maturubai ya boti, makava ya viti, matanga kidogo, na watu wananiletea majaketi nibadilishe zipu na mikanda kwa hiyo nayaona kwa ndani. Niongezee hapo kwenye kununua maana Kariakoo yapo ya kila namna na kwa nje yanafanana.

Ukilishika bonyeza sponji kwa dole gumba ikae sekunde kadhaa halafu achia. Ikirudi haraka ni nzima. Ikibaki na shimo au ikitoa sauti ya kupasuka ndani achana nalo. Kuna mengine nimeyafumua nimekuta ndani vipande vya ile nyeupe ya kufungia televisheni, ile inayomeguka chengachenga, ukikaa juu yake mara mbili imekwisha. Na kuna mengine sponji ni ya kunywa maji, ya kawaida kabisa ya makochi. Kupima nyumbani ni rahisi, lizamishe kwenye pipa uliwekee jiwe juu usiku kucha, asubuhi litoe lining'inize maji yachuruzike, ukiona bado ni zito kuliko jana ujue linakunywa.

Geuza uangalie uzi. Uzi wa pamba unaoza kwa chumvi, unataka wa polista au nailoni, ukichoma ncha yake kidogo na kiberiti wa pamba unaacha jivu, huu mwingine unayeyuka unakuwa kidonge kigumu (muombe muuzaji kwanza msije mkagombana). Zipu iwe ya plastiki ya meno makubwa, ya chuma hapa kwetu miezi michache imekufa. Klipu zifunge na kufungua mbele ya muuzaji mara kadhaa.

Lebo iwe imeshonewa ndani, ina namba za kiwango, uzito wa mtu na kipimo cha kifua. Ile ya kubandika kama ya chupa ya maji siiamini.

Mtumba nao sio mbaya, pale Karume ukibahatika unakutana na jaketi zuri la Ulaya kwa bei ndogo, ila litazame mabegani ambapo jua limepiga. Rangi ikiwa imepauka sana kwaruza kitambaa kwa ukucha, kikitoa vumbi au kikichanika hicho kimeshaliwa na jua, hakuna ushonaji utakaokiokoa.

La mwisho, kuna wateja wananiletea jaketi niwatobolee au niwapunguzie sponji ili lipitishe hewa. Hiyo kazi siifanyi. Ukikata sponji umekata ule uzito linaoweza kubeba, na lebo haina maana tena. Neti ya chini ikichanika naibadilisha, mkanda nabadilisha, sponji siigusi.

Watu wanasema majaketi ya kisasa hayana maana, zamani hawakuwa nayo. Zamani yalikuwepo, yalijazwa sufi, hii hii ya mito yetu ya kulalia, meli za vita za Ulaya zilitumia sana. Inaelea vizuri ajabu ila ikibanwa sana au maji yakiingia kwenye mfuko wake inalowa na kuzama, ndo maana wakahamia kwenye sponji.

---

Dada wa Kigamboni:
Naomba niongee kwa niaba ya shemeji maana kaka zangu mmeongea mazuri ila hamna hata mmoja aliyegusa mambo ya kina mama.

Jaketi la kiume kwa mwanamke mwenye kifua linafanya mambo mawili. Ama halifungi zipu, ama linafunga halafu linasukumwa mbele na kubaki na pengo chini, ukiingia majini maji yanaingia pale pengoni linapanda mpaka masikioni. Watu wanaamua kununua kubwa zaidi na hapo ndo linazidi kupanda. Yapo yaliyokatwa kwa ajili ya wanawake, sponji ya mbele imepindwa ikafuata umbo au imegawanywa ikaacha nafasi katikati. Akikosa hayo atafute la zipu ya pembeni au lenye mikanda ya mabegani inayorekebishika pande zote mbili, awe na uwezo wa kushusha mabega na kubana mbavu kila kimoja kivyake. Na anunue kwa kipimo cha kifua, asiangalie kilo peke yake. Achukue futi kamba, apime sehemu pana zaidi juu ya nguo atakayovaa baharini.

Mimi naingia na vazi la kuogelea la kujistiri, mikono mirefu na kilemba chake, na watu wananionea huruma wakidhani ndo naungua. Kinyume chake. Kile kitambaa chepesi kinakaa kati ya jaketi na ngozi, nikikitotesha na maji ya bahari kinabaki na ubaridi na kwapa halichubuki. Cha kuangalia ni shingoni tu, kilemba kiingie ndani ya jaketi kisiwe juu ya zipu, na jaketi liwe la shingo pana lisikunje kitambaa kikakukaba. Ushungi wa kawaida wa pamba usivae, ukilowa ni mzito na unavuta.

Kaka Kafi Mbili hata wewe vaa fulana ya kuogelea ya mikono mirefu ndani. Pamba hapana, pamba ndio inayokupa hiyo harara, inashika jasho haikauki. Na kabla hujatoka paka mafuta ya mgando kwapani na shingoni pale ukingo unapogusa.

---

Kafi Mbili:
Nashukuruni sana wakuu na wewe dada, kwa kweli nimejifunza vitu ambavyo dukani hakuna mtu angeniambia. Fundi nimecheki langu la chungwa mabegani, limepauka na kitambaa kinatoa vumbi kabisa kama ulivyosema, kwa hiyo hata kama ningevumilia joto lenyewe limeshafika mwisho.

Leo nimepita Kariakoo nimeona mawili. La kwanza lina neti mgongoni chini, lebo imeshonewa ndani, ISO 12402-5, 50 N, kifua linaandika sentimita 100 hadi 115, mimi nina 104. Zipu ya plastiki mbele, mikanda miwili kila ubavu. Yapo ya njano na meusi. La pili ni jembamba zaidi, zuri sana kwa macho, laini, bei nusu, ila halina lebo yoyote. Muuzaji anasema ni la mashindano.

Swali: nyeusi inaonekana imara na haichafuki lakini nahofia joto. Na nikilijaribu dukani nifanyeje nijue kama linanifaa, maana pale hakuna maji?

---

Fundi Turubai:
Lisilo na lebo liache hapo hapo dukani. La mashindano nalo lina lebo.

---

Mwana wa Pwani:
Chukua la njano. Nyeusi inakunywa jua, ukiliacha dakika kumi kwenye mchanga halishikiki, na pale katikati ya Kunduchi na Mbudya kuna maboti ya kasi yanayopeleka watalii visiwani, kichwa cha mtu na jaketi jeusi kwenye maji nahodha wa boti haoni kitu. Njano au chungwa linaonekana hata kukiwa na mawimbi ya kusi. Kuchafuka kunasuuzwa.

Kujaribu dukani: legeza mikanda yote, vaa, funga zipu, halafu kaza ukianzia chini kwenda juu. Wengi wanaanza mabegani na hapo ndipo jaketi linapandia. Likishakaza omba kiti chenye mgongo, kaa, nyoosha miguu kama uko kwenye kayaki, piga kafi hewani kushoto kulia kwa muda, sio mara mbili ukaridhika. Sikilizia kwapa na shingo. Kisha muombe mtu asimame nyuma akushike mabega ya jaketi avute juu kwa nguvu. Likipanda kidogo likaishia chini ya kidevu sawa. Likifika masikioni au puani ni kubwa au hujakaza. Vuta pumzi ndefu, kama huwezi kujaza kifua limebana sana. Ukishanunua nenda maji ya kifuani, kunja magoti uelee, uone linavyokaa likiwa limelowa, maana likilowa mikanda inalegea kidogo na unaikaza tena.

Filimbi funga begani kwa kamba fupi, isikae kwenye mfuko.

Na joto sio la jaketi peke yake. Kaskazi hii ya sasa hivi watu wanatoka saa nne asubuhi, huo ni muda wa kuungua. Toka saa kumi na mbili na nusu, saa tatu uko chini ya mti Mbudya unakunywa maji. Ila asubuhi hiyo kuna umande, upepo wa kutoka bara, ni mwepesi na bahari inaonekana imelala kabisa lakini unakusukuma nje bila wewe kujua, kwa hiyo unafika haraka na unadhani una nguvu sana. Bado kuna safari ya kurudi na jua limeshapanda. Angalia utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) kabla, wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa siku hiyo usitoke. Fungu Yasini usiende mchana, ule ni mchanga mtupu, hakuna kivuli hata cha kuweka kichwa.

Njiani kila ukisikia kifua kimepata moto chota maji uyamwage ndani ya shingo ya jaketi yashuke mgongoni, au jitumbukize kabisa ukiwa na mwenzako jirani, ukipanda tena umepoa. Bahari yetu msimu huu ina nyuzi joto 28 mpaka 30, haina ubaridi mkubwa lakini bado iko chini ya joto la mwili wako, inasaidia. Maji ya kunywa yafunge mahali mkono unafika bila kufungua zipu.

Siku za bamvua maji yakitoka unaburuta kayaki mbali sana juu ya mchanga na majani, hapo hakuna haja ya kutembea umefunga jaketi juani, fungua zipu, litembee wazi. Maji yakifika magotini funga kabla hujapanda. Ukisema utafunga ukishakaa utasahau.

---

Mama Wawili:
Jamani samahani kuingilia uzi wa watu, na mtoto wa miaka saba, kilo 22? Baba yake anataka kumpakia mbele kwenye kayaki pale Mbweni, maji ya karibu tu. Anasema atamvalisha la mtu mzima dogo amkaze mikanda.

---

Dada wa Kigamboni:
Hapana mama, la mtu mzima asimvalishe hata akikaza vipi, mtoto atachomoka kwa chini akitumbukia. Mtoto wa kilo hizo anataka la watoto, limeandikwa kilo zake kwenye lebo, lina kola ya kushika kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu, na begani pana kishikio cha kumvutia. Hilo la neti na nyutoni 50 tulilokuwa tunaliongelea sio la umri wake. Ndiyo atasikia joto zaidi yetu kwa sababu ya kola, kwa hiyo mfupisheni muda, asubuhi nusu saa inatosha, kofia, anarudi anacheza mchangani.

---

Fundi Turubai:
Na huo mkanda wa katikati ya miguu uangalieni umeshonewa wapi. Uwe umeshonwa kwa msalaba ndani ya mraba, sio mstari mmoja, maana huo ndio unaobeba uzito wote ukimnyanyua.

---

Mama Wawili:
Asanteni sana, namuonyesha baba yake sasa hivi kabla hajaenda dukani.

---

Kafi Mbili:
Wakuu nimechukua la njano. Nimekalia kiti cha muuzaji nimepiga kafi hewani mpaka wateja wengine wakauliza, kwapa halikuguswa, kijana wa duka akavuta mabega likaishia kwenye kidevu. Limebaki mahali pamoja, nikikaza mkanda wa chini kabisa unanikata tumbo nikiinama mbele, nikiulegeza jaketi linacheza. Nifanyeje?

---

Mwana wa Pwani:
Mkanda wa chini ukae juu ya kiuno, chini ya mbavu za mwisho, sio kwenye tumbo. Labda umeliacha limeshuka. Legeza mabega kidogo upandishe jaketi lote vidole viwili, kaza wa chini kwanza halafu wa kati, mabega mwisho. Ukishamaliza vidole viwili vipite chini ya mkanda kwa shida. Ukiona bado unakata, kiti chako kimekaa wima mno, kiegemeze nyuma kidogo.

---

Kafi Mbili:
Sawa mkuu, ni kweli lilikuwa limeshuka, sasa limekaa. Ijumaa naenda na mama watoto apime la kwake kwa futi kamba kama dada alivyosema. Halafu mkitoka baharini mnaanika wapi, juani au?

---

Fundi Turubai:
Suuza maji baridi yasiyo ya chumvi, fungua zipu, ning'iniza kivulini penye upepo kwenye hanga nene. Juani hapana, na kwenye buti la gari ndo usithubutu, joto la mle ndani linakunja sponji.